Pikapu Iliyopanda Mlima kwa Rivasi

Tangu nirudi nyumbani, kila ninayekutana naye ananiuliza pikapu iko wapi. Wengine wanauliza kwa huruma, wengine meno yote nje. Rafiki zangu wa Maskati, tuliolala chumba kimoja na kula wali kwenye sinia moja, wamepata habari kwa simu, na habari iliyowafikia inasema nimekuwa mganga wa kienyeji. Kwa hiyo naandika mara moja, kituo kwa kituo, anayetaka kucheka acheke akijua anachokicheka. Mambo ya vibali, bima na risiti za pampu nayaruka. Hayana ladha.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni mtoto wa Ngokolo, Shinyanga mjini, na sikurithi hata baiskeli. Nina stashahada ya ufundi wa magari. Nimefanya kazi Maskati kwenye karakana ya magari ya jangwani, na nimerudi na fedha ya kujengea nyumba, pikapu ya kuegesha mbele yake, na masanduku ya spana ambazo mafundi wengi wa mji huu wamezisikia kwa jina tu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu huko mbele mtasoma jinsi wazee wa kamati walivyonitazama, na ni vizuri mjue walikuwa wanamtazama nani.

Ngokolo, chini ya pikapu

Safari ilianza kwa simu ya Masanja, kaka wa mke wangu. Masanja ana duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, juu ya mlima wa mawe ng'ambo ya Bukoli, mkoani Geita. Duara lilikuwa limejaa maji na pampu yake imekufa. Kanuni ya machimbo yale ni kwamba shimo likikaa bila kuchimbwa, kamati inalichukua na kumpa mtu mwingine. Kamati ilikuwa imepanga kikao Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Lufunga, ana mpwa. Mpwa ana trekta, na trekta lile ndilo chombo pekee kinachopanda mlima na mzigo mzito. Wiki ile, kwa bahati mbaya sana, trekta lilikuwa linaumwa. Na anayelitaka duara la Masanja alikuwa mpwa huyohuyo. Hapo hata asiyesoma anaelewa.

Lingekuwa jambo la Masanja peke yake, ningempa pole na kukata simu. Lakini ndani ya shimo lile walikuwa wamezama ng'ombe wote wa mama mkwe wangu wa Kishapu. Waliuzwa mmoja mmoja ili kununua kamba, magogo ya kuzuia kuta na unga wa wachimbaji, mpaka zizi likabaki na samadi tu. Duara likipotea, mama mkwe hana ng'ombe, hana maziwa, hana cha kumwamsha asubuhi. Na akikosa hivyo vyote, atahamia kwetu. Mke wangu, Mama Kulwa, alilia kwa sababu hizo za kwanza. Mimi niliguswa na zote.

"Pampu mpya na injini yake nitazipandisha mwenyewe," nikamwambia Masanja.

"Kwa gari gani, shemeji?"

"Langu."

"Mlima huu pikapu huwa zinavutwa."

"Hizo hazikuwa na mimi ndani."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotosha. Pikapu yangu inasukuma kwa magurudumu yote manne, lakini gia nzito, ile inayofanya gari litembee mwendo wa watu waliobeba jeneza huku lina nguvu ya trekta, ilikuwa imesagika kabla sijainunua. Dawa yake ni kuweka giaboksi ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Mwendo unapunguzwa mara ya kwanza, halafu unapunguzwa tena. Maskati tulikuwa tunafanya hivyo kwa vifaa vya dukani. Mimi niliifanya uani kwangu kwa giaboksi ya lori kuukuu la pamba, niliyoikuta kwa muuza vyuma chakavu wa Ibadakuli.

Nilikata fremu, nikachomelea vishikio, nikafupisha propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni. Kazi safi. Shida ikawa moja: nilipoifungua giaboksi ile, gia namba moja ilikuwa haina meno, na nyingine zilikuwa zimelika. Gia iliyokuwa nzima kabisa, inang'aa kama ya dukani, ilikuwa ya rivasi. Ni jambo la kueleweka. Lori la pamba halirudi nyuma. Linakwenda kiwandani maisha yake yote. Na rivasi ni gia nzito karibu sawa na namba moja. Nikaamua: kishikio cha pili cha gia kitakuwa na sehemu mbili tu, mwendo wa kawaida na rivasi.

Mama Kulwa alikuwa amechuchumaa kando yangu, ameshika tochi.

"Baba Kulwa, yaani ukiweka hiyo gia yako nzito, gari linarudi nyuma?"

"Nikiwa kwenye gia za mbele, ndiyo. Lakini nikitia rivasi kwenye giaboksi ya kwanza na rivasi kwenye ya pili, linakwenda mbele. Hasi mara hasi ni chanya. Hesabu ya sekondari hiyo."

"Kwa hiyo ukitaka kwenda mbele unarudi nyuma mara mbili."

"Umeelewa."

"Na huko Maskati kuna mtu mwingine mwenye gari la namna hii?"

"Hakuna," nikasema. "Ni la kwanza."

"Naona," akasema, akazima tochi nikiwa bado chini.

Jioni nilifanya jaribio. Nilitia gia nzito, nikaachia klachi, na pikapu ikarudi nyuma polepole, kwa heshima kabisa, ikapita katikati ya banda la kuku. Jaribio lilifaulu. Ukuta ulianguka bila injini hata kukohoa. Kuku walihamia kwa jirani, na mke wangu akazungumza nao kwa upole zaidi kuliko alivyozungumza na mimi.

Tinde hadi Isaka

Niliondoka Alhamisi asubuhi. Nyuma nilikuwa na injini ya dizeli na pampu, zimefungwa kwa minyororo. Mbele nilikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, alioutuma mama mkwe kutoka Kishapu pamoja na karanga. Hakutuma salamu. Alituma ujumbe kwamba michembe ni ya mtu anayefika, anayerudi njiani arudishe na mfuko.

Barabarani pikapu ilikwenda vizuri kwa mwendo wake wa kawaida. Tinde, askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akatazama ndani, akaona vishikio viwili vya gia.

"Hiki cha pili ni cha nini?"

"Cha kupandia mlima, afande."

Alitazama upande mmoja, akatazama upande mwingine. Nchi yote ilikuwa tambarare, ng'ombe wanaonekana mpaka mwisho wa macho. Akanirudishia leseni. "Ukiuona, utusalimie," akasema.

Isaka niligundua giaboksi inavuja. Si kosa la kazi yangu. Mpira wa kuzuia oili uliniangusha, na mpira ule sikuutengeneza mimi. Nilijipanga nyuma ya malori yanayosubiri kwenda nchi za jirani, nikaingia chini ya pikapu. Dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye taulo shingoni, akainama kuchungulia.

"Kaka, gari lako limezaa pacha?"

"Ni giaboksi mbili."

"Naziona. Nauliza kama baba yao anajulikana."

"Baba yao ni mimi," nikamwambia. "Na nyumbani nina pacha wengine."

Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipa mpira wa oili kutoka kwenye sanduku lake na hakutaka malipo. Akataka tu kuniona nikirudi nyuma kwa gia nne. Nikamwonyesha. Akawaita wenzake, nikaonyesha tena. Nilipoteza mchana mzima Isaka nikirudi nyuma mbele ya madereva, na kama kuna mtu anaona huo ulikuwa ujinga, hajui raha ya kutazamwa na watu wanaojua magari.

Kahama

Kahama nililala nyumba ya wageni yenye feni ya kutazama tu, nikala wali mpya wa kwao wenye harufu nzuri kuliko kitoweo chake. Ijumaa asubuhi, kwenye kituo cha mafuta, mama mmoja mwenye buibui na gunia la dagaa alikuja akasimama mbele ya boneti, kana kwamba tulikuwa na miadi.

"Mwanangu, unakwenda Bukoli."

"Umejuaje, mama?"

"Pampu hiyo si ya kumwagilia maua. Nifungulie mlango."

Aliitwa Mama Ashura. Asili yake Ujiji, lakini amekaa machimboni miaka mingi akiuza chakula, na kumbe genge lake lilikuwa juu ya mlima uleule wa Masanja. Basi lilikuwa limemwacha. Gunia la dagaa hakutaka liwekwe nyuma. Alilipakata, likakaa kati yetu kama abiria wa tatu mwenye harufu yake.

Nilimweleza kuhusu Maskati. Nilimweleza kuhusu stashahada. Alisikiliza akitafuna michembe ya mama mkwe, na nilipofika kwenye giaboksi akanikatiza.

"Huko mlimani usiseme mambo haya."

"Kwa nini?"

"Watu wa pale hawanunui hata sururu bila kumuuliza mganga. Mmoja kaambiwa asioge mpaka apate dhahabu. Huyo namhudumia chakula kwa mbali. Mwingine kaambiwa asisalimie mtu kabla ya mchana. Mpwa wa Lufunga hali kuku mwaka wa pili huu, na mchuzi anakunywa."

"Huo ni ujinga, mama."

"Ndio ujinga. Na ndio unaonunua dagaa hizi. Uusemee vizuri."

Nikamwambia mimi naamini chuma na hesabu. Akasema sawa, akaomba nimwongezee karanga.

Mchepuko

Mbele kidogo barabara ilikuwa inatengenezwa, na magari yote yakaelekezwa bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mvua ilikuwa imenyesha. Basi lililomwacha Mama Ashura tulilikuta pale, limezama hadi kwenye ngazi, abiria wamesimama kando wamekunja suruali. Mama Ashura alishusha kioo, akawaangalia kwa muda mrefu, akapandisha kioo.

Nilitia gia nzito. Rivasi mbili, ili niende mbele. Tukaingia. Katikati ya tope, giaboksi ya kwanza, ile ya kiwandani ambayo mimi sikuigusa, ikaanza kuchomoa rivasi yake kila mzigo ulipozidi. Inakwenda kidogo, inachomoka. Tungezama. Nikarudi kwenye udongo mgumu, nikaligeuza gari, tako mbele, nikatia namba moja na gia nzito. Pikapu ikalishika bonde kinyumenyume, polepole, tope likichemka pembeni, tukalipita basi na abiria wake wote.

Ng'ambo alisimama mchungaji mwenye kundi la ng'ombe. Akainua fimbo, akatusalimia kwa Kisukuma: "Mwadila!" Mimi shingo ilikuwa imegeuka nyuma, meno nimeyauma, jicho moja kwenye gurudumu na jingine kwenye shimo. Kumjibu mtu kwa Kisukuma si neno moja. Unauliza ng'ombe, watoto, mvua, wazazi. Nikanyamaza. Akasalimia tena. Mama Ashura akatoa kichwa dirishani.

"Msimsemeshe! Akifungua mdomo tu, tunazama!"

Mchungaji akashusha fimbo. Abiria wa basi, waliokuwa wanacheka, wakaacha kucheka. Mama mmoja akashusha mkono wa mwanawe aliyekuwa anatunyooshea kidole. Mimi niliona ni heshima kwa ufundi. Nikavuka, nikageuza gari, nikaendelea na safari, na sikumuuliza mtu kwa nini bodaboda wote wa pale walikuwa wameshika simu masikioni.

Chini ya mlima

Tulilala Bukoli, na Jumamosi asubuhi tukafika chini ya mlima. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili za njia kama wanasubiri mgeni wa serikali. Hakuna aliyesalimia. Mnaijua nchi yetu. Mtu anaweza kukusalimia mpaka maharage yakaungua. Siku ile hata mtoto hakusema shikamoo. Mzee mmoja alivua kofia.

Masanja akaja mbio, amekonda, macho mekundu, akanivuta pembeni.

"Shemeji, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Basi, usiniambie. Najua huruhusiwi."

"Masanja, unazungumza nini?"

"Umenijibu? Wamesema hujibu mtu!" Akaziba mdomo kwa mkono. "Basi nisamehe. Sikukuuliza."

Sikuwa na muda wa kumweleza. Jua lilikuwa linapanda, na juu nilisikia trekta la mpwa likinguruma, limepona kabisa. Nikaushika mlima kwa rivasi mbili, uso mbele, kama muungwana. Mlima ule si njia, ni ngazi ya mawe. Mengine yamelala kama ng'ombe wanaocheua. Nilifika mahali penye jiwe la kwanza kubwa, mzigo ukavuta, rivasi ikachomoka. Pikapu ikateleza kurudi chini na injini ya dizeli nyuma, minyororo ikilia, watu wakaruka vichakani. Nikaikamata kwa breki mita chache kutoka kwa Masanja, aliyekuwa amesimama palepale amefumba macho. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Kwa hiyo, kama bondeni, niligeuza gari. Hilo halikuwa na uchawi wowote. Mzigo ukiwa upande wa juu, uzito unagawanyika vizuri kwa magurudumu yote. Mtu yeyote aliyefanya kazi na magari ya mchanga anajua. Nikatia namba moja na gia nzito, nikageuza shingo, na pikapu ikaanza kuupanda mlima kwa makalio.

Haikuteleza hata mara moja. Ilipanda jiwe, ikapumzika, ikapanda jingine. Mama Ashura alitembea kando akiondoa kokoto na kuwafukuza watu. "Pisheni! Kimya! Msimsemeshe!" Watu wakatufuata kwa mbali, kimya kama wanaokwenda kuzika. Kwenye kona ya mwisho mpwa wa Lufunga alikuwa ameegesha trekta katikati ya njia. Aliniona ninakuja, tako la gari mbele, mimi nimemgeuzia uso na pikapu imegeuza wake kule. Hakusubiri nipige honi. Alilirusha trekta pembeni, likaparamia rundo la kifusi, akaruka na kulikimbia.

Kikao

Kamati ilikuwa imekaa chini ya turubai. Mzee Lufunga, mtu mrefu mwenye koti zito katika jua lile, alisimama pikapu ilipotua.

"Karibu," akasema, bila kunipa mkono. "Sisi ni watu wazima. Tunakuomba utuambie wazi. Gari hili lina nini?"

Mama Ashura akanikanyaga mguu. Lakini mimi sioni haya kueleza kazi yangu. Nikawaambia ukweli, neno kwa neno, mbele ya machimbo yote.

"Lina giaboksi mbili. Gia zote za mbele zinanirudisha nyuma. Nikitaka kwenda mbele, natia rivasi juu ya rivasi."

Mjumbe mmoja alisogeza kiti chake nyuma.

"Nani alikupa?" Lufunga akauliza.

"Hakunipa mtu. Nimesomea."

"Wapi?"

"Hapa nchini kwanza. Halafu nikavuka bahari, nikafanya kazi jangwani."

"Jangwani," wakarudia wawili kwa pamoja.

"Na kuku?" akauliza mjumbe wa nyuma, kwa sauti ndogo. "Kulikuwa na kuku?"

"Walikuwepo," nikasema, kwa kuwa sijui kusema uongo. "Gari lilipita katikati ya banda lao. Hawakufa. Walikwenda kwa jirani."

Mjumbe yule akajifunika uso. Mpwa, ambaye alikuwa amerudi akijificha nyuma ya nguzo, akaanza: "Mjomba, lakini kanuni inasema duara lililokaa..."

"Nyamaza!" Lufunga akamkata. "Wewe trekta lako linaumwa. Nenda ukaliuguze." Akanigeukia. "Duara ni la Masanja. Hatukuwahi kusema vingine. Kikao kimefungwa. Ukirudi huko kwenu, waambie hatukusema vingine."

Niliwaona watu wazima wakikunja viti haraka kuliko wanafunzi siku ya kufunga shule. Watu wale wana dhahabu chini ya miguu yao na simu za kisasa mifukoni, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuchungulia chini ya gari.

Pampu

Pampu iliwaka mara ya pili. Maji yalitoka ya rangi ya chai, yakamwagika mlimani, na Masanja akaweka mikono chini ya bomba akalia kama mtoto. Hapo nilifurahi, sitaki kudanganya. Nikamwona mama mkwe akinunua ndama.

Maji yalipopungua ikawa zamu ya wachimbaji kushuka. Hawakushuka. Kiongozi wao, kijana mwenye kifua kipana wanayemwita Ngosha, alisimama mbele ya pikapu na kofia mkononi.

"Mkuu, gari linabaki?"

"Linabaki wapi? Nalirudisha Shinyanga."

"Basi na sisi tunarudi. Gari likishuka, wote tunashuka."

"Kushuka shimoni?"

"Kushuka mlima. Kwenda kwetu."

Nikawaeleza. Nikachora gia ardhini kwa kijiti, kubwa na ndogo, na mishale. Waliukwepa mchoro wasiukanyage. Nikaingia chini ya pikapu, nikachovya kidole kwenye giaboksi, nikatoka nikawaonyesha. "Hii ni oili! Oili ya dukani!" Ngosha akauliza kwa adabu kama anaweza kupata kidogo. Kabla sijajibu, walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja anapaka kwenye paji la uso.

"Mama Ashura," nikasema, "waambie!"

"Nilikukanyaga mguu," akasema. "Sasa mimi niseme nini?"

Masanja alipiga simu Kishapu, akanipa. Mama mkwe alikuwa ameshapata habari zote, na zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekataa kuingia?"

"Wamekataa, mama. Wanataka gari likae hapa. Lakini gari hili ndiyo kazi yangu, mimi nimelihangaikia..."

"Baba Kulwa. Mimi ng'ombe wangu waliondoka mbele ya macho yangu, wa mwisho akiwa na mimba. Nikabaki na fimbo, hakuna wa kumchunga. Wasipoingia leo, Jumamosi nyingine kitakaliwa kikao kingine, na wewe hutakuwepo. Wewe una miguu?"

"Ninayo, mama."

"Wabeja," akasema, yaani ahsante, akakata simu.

Nilitazama pikapu yangu. Ngosha alikuwa ameshaleta kaniki, ile nguo nyeusi ya waganga, na anauliza, kwa heshima kubwa, gari lifunikwe lote au uso tu. Nikampa Masanja ufunguo. Nikamwambia asithubutu kugusa kishikio cha pili. Akaniapia kwamba hata cha kwanza hatakigusa.

Kushuka

Nilishuka kwa miguu, na begi la spana begani. Mama Ashura alinisindikiza mpaka mwanzo wa mawe, akanipa dagaa wa kukaanga kwenye karatasi.

"Ukianza kutembea usigeuke," akasema.

"Mama, na wewe?"

"Mimi siamini kitu. Nakuambia wanavyoamini wao. Wamesimama mdomoni mwa shimo wanakuangalia wewe. Mwenye dawa akigeuka, ameichukua. Hawataingia."

Nikamwambia huo ni upuuzi mtupu, mtu mwenye akili timamu hawezi kuendeshwa na watu waliojipaka oili usoni. Nikamwambia nitageuka, nitalitazama gari langu, na nitapunga mkono, ili wajue mimi ni fundi. Akasema sawa, akakaa juu ya jiwe kutazama.

Nikaanza kushuka. Mlima mzima ulikuwa kimya nyuma yangu. Shingo ilikuwa inaniuma tangu nilipopanda, na ilitaka kugeuka kuliko kitu chochote duniani. Nilipita jiwe la kwanza, nikapita la pili, pale pikapu ilipoteleza, macho nimeyakaza kwenye barabara ya Bukoli kama farasi aliyefungwa ngozi pembeni ya macho. Nilikuwa karibu kufika chini nilipoisikia kamba ya shimo ikilia kwenye roda, halafu sauti ya Ngosha ikihesabu watu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wanaingia.

Sikugeuka.